Taa ya oili ikizimika, usishangilie mapema

Taa nyekundu yenye alama ya kopo la oili haipimi kiasi cha oili kilichomo kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Hata presha haiipimi hasa. Inachojua ni kwamba presha ipo, au imekaribia sifuri.

Kwenye Hiace na Corolla za zamani zinazojaa Kampala, mfumo wote ni balbu, waya mmoja na swichi iliyofungwa kwenye bloku ya injini. Ufunguo ukifunguliwa, umeme hupita kwenye balbu, hushuka kwa waya hadi kwenye swichi, kisha humalizia ethi, yaani kwenye chuma cha injini na bodi, kupitia meno ya swichi yenyewe. Injini ikiwaka, oili husukuma kiwambo kilichomo ndani ya swichi, mguso huachana na taa huzima. Swichi nyingi huachia kwenye baa (kipimo cha presha) 0.3 hadi 0.5.

Hapo ndipo wengi hudanganyika. Toyota nyingi za enzi hizo zinatakiwa kuwa na takriban baa 2.5 au zaidi kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Injini yenye baa 1 tu kwenye mwendo huo inakula beringi za krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, na taa imezima kimya.

Taa ikikusumbua, zima injini, acha ufunguo wazi, uchomoe waya kwenye swichi. Taa izime. Isipozima, waya umechunika mahali na unagusa bodi. Sasa gusisha ncha ya waya kwenye bloku: taa iwake. Ikikataa, tafuta balbu iliyoungua, fyuzi au waya uliokatika.

Waya ukiwa mzima, usikimbilie soko la vipuri la Kisekka kununua swichi. Fungua iliyopo, funga geji ya presha kwenye tundu hilohilo, upime injini ikiwa moto. Geji ikisoma vizuri, ndipo ununue swichi. Usiizungushie tepu nyeupe ya mabomba kwa wingi, maana inaweza kuzuia ethi. Soketi ya waya ikilowa oili, kiwambo kimetoboka.

Taa ikipepesa kwenye kona, kama zile za Kabale kwenda Kisoro, angalia kijiti cha kupimia oili kwanza: oili ikipungua hukimbilia upande mmoja wa sampu na pampu ikavuta hewa. Ikipepesa injini ikiwa moto na hujakanyaga mafuta, kisha ikazima ukikanyaga, shuku beringi zilizolika, oili iliyochanganyika na dizeli, au chujio la sampu lililoziba. Kuna mafundi wanaomwaga oili nzito ya 20W-50 taa ikazima. Beringi hazijapona.

Ikiwaka safarini na ikabaki, zima injini papo hapo, hata kama gereji iko kilomita mbili mbele.

Na ukinunua gari la mkononi, fungua ufunguo kabla ya kupiga stata. Taa ya oili isipowaka, muulize muuzaji ni nani aliyechomoa waya.