Huna nyumba, lakini una haki ya kuomba dhamana

Swali linalowaponza wasio na makao mahakamani ni fupi: "Unakaa wapi?" Kijana aliyekamatwa usiku akiwa amelala kwenye baraza ya duka kule Kisenyi, Kampala, hana la kujibu. Hana barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa), wala ndugu mwenye kitambulisho cha taifa wa kumdhamini. Anarudishwa rumande, na kesi ndogo inamla miezi. Sisi tunaotoa msaada wa kisheria tunaliona hili mara kwa mara, na linauma, kwa sababu sheria haikusema hivyo.

Sheria ya Mahakama za Mahakimu inamtaka hakimu azingatie kama mshtakiwa ana makao ya kudumu katika eneo la mahakama. Azingatie tu. Makao hupimwa pamoja na mambo mengine: uzito wa shtaka, historia ya mshtakiwa, na kama huenda akawavuruga mashahidi. Hapo ndipo wakili anapata nafasi ya kusema. Mwenye duka anayemfahamu kijana huyo aje asimame. Imamu au mchungaji aje. Msimamizi wa stendi anakobeba mizigo aje aseme, "Huyu namwona kila alfajiri." Kwa maoni yangu, kijana wa namna hiyo hupatikana kwa urahisi kuliko mpangaji anayehama kila kodi ikimshinda.

Wengine hukiri kosa ambalo hawakulitenda ili tu yaishe. Tafadhali usikiri kabla ya kuzungumza na mtu wa msaada wa kisheria. Kesi inayoamuliwa na mahakama ya hakimu ikikaa siku 60 bila kuanza kusikilizwa nawe uko rumande, Ibara ya 23 ya Katiba inataka uachiliwe kwa dhamana, kwa masharti ambayo mahakama inaona yanafaa. Na kwa aliyetiwa hatiani kwa kosa dogo, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000 inaruhusu afanye kazi za jamii badala ya kwenda jela.

Kituo cha polisi nako kuna mipaka. Ni lazima ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Dhamana ya polisi ni bure kabisa. Uliza pia unashtakiwa kwa lipi hasa, kwa maana Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vya uzururaji vilivyoruhusu mtu akamatwe kwa kushukiwa tu, eti hana njia ya kujikimu inayoonekana au amekutwa akirandaranda.

Serikali hulipia wakili pale tu shtaka linapoweza kuleta kifo au kifungo cha maisha. Kwa mashtaka mengine, nenda Justice Centres Uganda, mradi wa msaada wa kisheria ulio chini ya Idara ya Mahakama, au FIDA, chama cha mawakili wanawake, kwa kina mama. Kama Kiingereza kinakupiga chenga, mwambie hakimu unataka Kiswahili. Mkalimani halipwi na wewe.

Mtoto wa mitaani ana sheria yake. Aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi kwa jinai. Mkubwa kidogo hachanganywi na watu wazima, na mahakama inaweza kumwachilia kwa ahadi yake mwenyewe, bila fedha taslimu. Ukimwona mtoto akiingizwa selo moja na watu wazima, mjulishe afisa ustawi wa jamii wa wilaya siku hiyohiyo.