Ulemavu wa akili siyo huo jamani

Juzi nimesikia tena, mtu anamwongelea mfanyakazi mwenzake mwenye baipola (ile hali ya hisia kupanda sana na kushuka sana kwa vipindi), eti "yule ana ulemavu wa akili kwahiyo sheria inamlinda". Kulindwa ni kweli analindwa. Hilo jina sasa.

Ulemavu wa kisaikolojia, wengine wanasema ulemavu wa afya ya akili na sina ugomvi nao, ni hali ya muda mrefu kama sonona kali, baipola au skizofrenia (mtu kusikia au kuamini visivyokuwepo) ambayo ikikutana na vikwazo na mitazamo ya watu inamzuia mtu kushiriki sawa na wenzake. Basi. Ulemavu wa akili ni uwezo wa kujifunza na kuelewa uliobaki nyuma tangu utotoni.

Wa kulaumiwa ni neno lenyewe. Akili tumeitoa Kiarabu, na huko mzizi wake ndio ule wa kumfunga ngamia kamba mguuni asitoroke, yaani akili ni kile kinachokushika usiende ovyo. Sisi tukaipokea tukaitwisha mizigo miwili, mtoto anayefaulu hesabu tunasema ana akili, na mtu akiugua tunasema karukwa na akili, utadhani ni kitu kimoja! Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, kifungu cha 1, unazitaja hizi hali mbili kila moja kivyake, ila ukitafsiri haraka haraka zote zinaangukia kwenye akili.

Na kazini hii inaumiza watu. Bosi akisikia "ulemavu wa akili" anampunguzia mtu majukumu, anaanza kumwongelesha polepole kama mtoto, kumbe mwenzie ni mhasibu na hesabu anazijua kuliko huyo bosi, alichoomba ni asipangwe shifti ya usiku maana dawa zinamtaka alale, na ruhusa ya kwenda kliniki. Hayo ndo yanaitwa marekebisho yanayofaa, na mkataba huo huo unahesabu kumnyima kuwa ni ubaguzi, labda kama yangekuwa mzigo wa kupita kiasi kwa mwajiri. Kubadilisha shifti mara nyingi ni mzigo gani?

Halafu kuna wale wa "mbona yuko sawa tu". Yuko sawa kwa sababu anameza dawa! Marekani walirekebisha sheria yao ya watu wenye ulemavu 2008 na Uingereza wana ya 2010, kote huko ukitaka kujua kama mtu ana ulemavu unaangalia angekuwaje bila dawa (miwani ya kawaida ndo haimo kwenye hesabu hiyo, msije mkajitokeza wote).

Kwahiyo yule wa baipola sema ana ulemavu wa kisaikolojia, tena kama mwenyewe kaliweka wazi. Najua ni refu kutamka, utazoea.