Je, wajua jinsi jiwe lenye vitundu linavyochagua molekuli?

Nenda soko la Gikomba, Nairobi, asubuhi uwatazame wabeba mizigo wakipenya vichochoroni. Aliyebeba ubao mrefu begani, ncha moja mbele na nyingine nyuma, anapita. Mwenye mzigo uliopinda kama kiwiko anakwama kwenye nguzo za vibanda. Sijaona mfano bora zaidi wa kueleza kazi ya zeolaiti, yaani hilo jiwe lenye vitundu vidogo mno.

Shati la poliesta linalouzwa papo hapo, na hata chupa ya maji unayouziwa dirishani kwenye msongamano wa Barabara ya Thika, asili yake ni kemikali iitwayo zailini ya para. Zailini ni pete ya atomi 6 za kaboni iliyopachikwa makundi mawili ya methili (kila moja ni kaboni moja yenye hidrojeni tatu). Yakikaa pande zinazotazamana, hiyo ni para, na imenyooka kama ule ubao. Yakisogeleana huwa meta au ortho, nayo imepinda. Ukipachika methili kwenye tolueni, yaani pete kama hiyo yenye methili moja tu, kwa kutumia methanoli, kisha mchanganyiko ukaachwa ufikie usawa wake, para huwa karibu robo tu. Kuitenga kwa kuchemsha ni taabu tupu: para huchemka kwenye nyuzi 138 za Selsiasi, meta 139.

Hapo ndipo inapoingia ZSM-5, zeolaiti ya kampuni ya Mobil iliyopewa hataza Marekani mwaka 1972. Ni fuwele ya silika na alumina yenye vijia vya upana wa takriban nanomita 0.55. Asidi iliyomo vijiani ndiyo inayopachika methili. Zailini zote tatu huundwa humo, ila para huchomoka upesi mara elfu hivi kuliko wenzake, nao wanaobaki hugeuka-geuka ndani hadi wapate umbo la kutokea.

Basi mbona para bado haitoshi? Kwa sababu fuwele ina asidi hata kwenye ngozi yake ya nje. Para ikishatoka, inanaswa pale pale mlangoni na kugeuzwa meta. Dawa yake inanifurahisha sana: wanakemia huipaka fuwele silika kwa kutumia kemikali yenye molekuli nene zisizoweza kuingia vijiani, hivyo asidi ya nje inafunikwa na ya ndani inabaki kazini. Wengine huiloweka katika asidi ya fosforasi au chumvi ya magnesiamu, kisha huichoma ili vijia vipungue upana. Wengine hukuza fuwele kubwa, safari ya kutoka iwe ndefu. Kwa mbinu hizi para imewahi kuvuka asilimia 90 ya zailini yote.

Lakini kijia kikibanwa, kazi nayo hupungua kasi. Tena masizi ya kaboni hujikusanya humo. Yakiwa kidogo yanasaidia, kwani nayo hubana njia na para ikaongezeka. Yakizidi, zeolaiti, ambayo ndiyo kichocheo cha kazi hii, huzimika, na inabidi yachomwe kwa hewa ya moto ndipo kirudi kazini.