Barua pepe si mtu: dhana potofu kuhusu kuingia mara moja kwenye duka la mtandaoni

Juzi nimeisikia tena. Mama mmoja mwenye duka la vyombo vya jikoni, anayewauzia mahoteli na watu wa majumbani, alinipigia saa mbili usiku. "Fundi, weka tu kitufe cha Google. Si barua pepe za wateja tunazo? Ikifanana, mtu aingie kwenye akaunti yake ya zamani. Ugumu uko wapi?" Huyo ni wa nne tangu mwaka uanze. Wa tatu alikuwa fundi mwenzangu, na huyo ndiye aliyenikosesha usingizi.

Basi tuanze na hiyo hiyo. Nyingine nitazigusa tu.

Dhana: barua pepe ikifanana, mtu ni yule yule

Hapana. Barua pepe ni anwani, na kwenye anwani watu huhama na kuhamia. Google, Apple au Microsoft wakikurudishia tokeni ya utambulisho, yaani ujumbe mfupi wenye saini unaosema aliyeingia ni nani, ndani yake mna kipengele kinachoitwa sub na kingine kinachoitwa iss. Cha kwanza ni kitambulisho cha mtu huyo kwa yule aliyemtambulisha. Cha pili kinasema aliyemtambulisha ni nani. Kiwango cha OpenID Connect, yaani kanuni za kuingia kwa namna hii, kilichotoka Februari 2014, kimeandika bila kuzungukazunguka kwamba hivyo viwili kwa pamoja ndivyo pekee vya kutegemea kumjua mtumiaji. Barua pepe imo kwenye tokeni ili ujue pa kutuma risiti.

Plagini (viongezo) nyingi za WooCommerce, programu ya duka inayowekwa kwenye tovuti za WordPress, hazina habari na hilo. Zinachukua barua pepe, zinaitafuta kwenye orodha ya watumiaji wa WordPress, zikiikuta zinafungua mlango. Fundi anajaribu kwa Gmail yake mwenyewe, inakubali, anapiga picha ya skrini na kutuma ankara. Ndiyo maana dhana hii inaniudhi kuliko zote: siku ya majaribio huwa inaonekana kweli.

Niliwahi kuitwa kwenye duka moja linalouzia mahoteli. Hoteli mojawapo ilikuwa ikiagiza kwa anwani yake ya manunuzi. Dada aliyekuwa akiishika aliacha kazi, anwani ikafutwa, kisha ikafunguliwa upya kwa jina lile lile na kukabidhiwa mtu mwingine. Kwa Google huyo alikuwa mtumiaji mpya kabisa, mwenye sub tofauti, na tokeni ilisema hivyo. Duka halikusoma. Likamwingiza yule kijana kwenye akaunti ya dada, na humo akakuta oda zake binafsi na anwani ya nyumbani kwake alikokuwa akipelekewa masufuria. Hakuna mdukuzi aliyehusika hapo. Ni mfumo uliofanya kile ulichoambiwa.

Mdukuzi naye ana njia yake, na ni rahisi mno. Anafungua akaunti dukani kwako kwa barua pepe ya mtu mwingine na nywila aliyoitunga yeye. Duka halithibitishi barua pepe, kwa hiyo akaunti inakaa tu ikisubiri. Miezi miwili baadaye mwenye barua pepe anafika, anabonyeza kitufe cha Google, mfumo unaona zimefanana na kumwingiza kwenye akaunti ile ile. Anaweka anwani, ananunua. Nywila ya yule mwingine bado inafungua. Mwaka 2022 watafiti wawili walichapisha utafiti kuhusu mashambulizi ya namna hii: walipima huduma 75 maarufu, na angalau 35 zilikutwa na udhaifu wa aina moja au zaidi. Hizo ni huduma zenye vikosi vya wahandisi. Sasa fikiria duka lililowekwa plagini ya bure jioni moja.

Ukidhani kampuni kubwa ndizo zimehakikisha, rudi Juni 2023, ilipowekwa hadharani kwamba kwenye mfumo wa utambulisho wa Microsoft, msimamizi wa shirika lolote aliweza kuandika barua pepe yoyote kwenye akaunti anayoitawala, bila kuithibitisha. Tovuti zilizotambua watu kwa barua pepe pekee zingeweza kumfungulia mtu baki. Zilizosoma sub hazikuguswa.

Google nao wanaeleza mipaka yao, ila hakuna anayesoma. Anwani ikiishia gmail.com, wao ndio wenye kauli ya mwisho juu yake. Ikiwa ni ya kampuni inayotumia Google, tokeni inakuja na kipengele cha hd, yaani domeni ya kampuni hiyo, na email_verified, inayosema kama anwani imethibitishwa, ikisema kweli, hapo pia unaweza kuwaamini. Lakini mtu anaweza kufungua akaunti ya Google kwa anwani ya Yahoo au ya kampuni yoyote. Google waliithibitisha siku ile. Leo inaweza kuwa mikononi mwa mtu mwingine.

Kisha kuna kosa la upande wa pili, la mtu mmoja kuonekana wawili. Gmail haijali nukta: ukiandika jina na ukoo ukatia nukta katikati, au usipotia, barua inafika kwa mtu yule yule. Databezi yako inajali. Mteja aliyejisajili bila nukta, kisha akaja na kitufe cha Google chenye nukta, anakuta historia tupu na anakupigia kuuliza pointi zake ziko wapi. Na Apple, tangu 2019, humruhusu mteja kuficha barua pepe yake na kukupa wewe anwani ya kupokezana inayoishia privaterelay.appleid.com. Hiyo haitafanana na kitu chochote ulichonacho. Zaidi ya hapo, usiposajili kwa Apple domeni unayotumia kutuma barua pepe, risiti zako hazitamfikia, na utamlaumu mtu wa seva bure.

Na hapa kwetu kuna lingine ambalo nyaraka za Marekani haziliwazi. Wateja wengi Gmail yao walifunguliwa na kijana wa duka la simu, siku waliponunua simu. Hawaijui nywila, wengine hata anwani yenyewe hawaijui. Wakibadilisha simu wanafunguliwa nyingine. Mtu huyu ukimwambia barua pepe ndiyo utambulisho wake, umemwambia kitu ambacho hajawahi kukishika.

Tufanyeje, basi? Tengeneza jedwali dogo la safu tatu: iss, sub, na namba ya mteja wako. Mbili za kwanza kwa pamoja zisijirudie. Mteja mmoja anaweza kuwa na mistari mitatu humo, Google, Apple na Microsoft, na wote wakafika kwenye akaunti moja. Tokeni ikija, tafuta humo kwanza. Usipoikuta na barua pepe ikafanana na ya mteja wa zamani, usimfungulie. Muulize nywila ya zamani, au tuma msimbo kwenye ile barua pepe, akiuleta ndipo uunganishe. Na kama barua pepe ya akaunti ya zamani haikuwahi kuthibitishwa, basi siku ya kuunganisha futa nywila iliyokuwepo na umtoe kila aliyekuwa ameingia. Nusu dakika ya usumbufu, mara moja tu kwa kila mteja. Wenye maduka hunilalamikia hiyo nusu dakika. Nawaonyesha ile habari ya masufuria.

Jambo dogo linaloua: hifadhi sub kama maandishi. Ya Google huwa ni tarakimu 21, na safu ya namba ya biti 64 haiwezi kuibeba. Nimeona pia mtu aliyehamisha wateja kwa Excel, safu nzima ikageuka 1.08E+20, wateja wote wakawa mtu mmoja. Sikujua nicheke au nilie.

Na la Apple hili wenye maduka walisikie vizuri: sub ya Apple hutegemea akaunti ya msanidi (mtengeneza programu) iliyosajili duka. Fundi akisajili duka lako kwenye akaunti yake binafsi, siku mkigombana na ukaleta fundi mwingine kwa akaunti nyingine, wateja wako wote wa Apple wanarudi wakiwa wageni. Ipo njia ya kuhamisha, lakini inahitaji ushirikiano wa yule mliyegombana naye, na vitambulisho vya kuhamishia vina muda wa siku 60. Sajili kwa jina la biashara yako tangu mwanzo. Google sub yao ni ile ile popote, kwa hiyo huko maumivu ni madogo.

Walioko Shopify, huduma ya kukodi duka la mtandaoni lililo tayari, huniambia, "Mbona Shopify wenyewe wanatumia barua pepe?" Kweli, ndivyo wanavyotambua mteja. Ndiyo sababu Multipass yao, njia ya kumwingiza dukani mteja aliyekwisha kuingia kwenye tovuti yako, inayopatikana kwa wenye kifurushi kikubwa cha Shopify Plus tu, inadai barua pepe kwenye kila tokeni, lakini ikakuwekea pia kipengele cha identifier. Ikiwa kwenye tovuti yako watu wawili wanaweza kuwa na barua pepe moja, lazima ukijaze. Tokeni yenyewe hudumu dakika 15 na hutumika mara moja. Kumbuka pia kwamba Multipass ni ya akaunti za wateja za mfumo wa zamani. Kwenye mfumo mpya mteja huingia kwa msimbo wa tarakimu sita unaotumwa kwa barua pepe, na mwenye Plus anaweza kuunganisha mtambulishaji wake kwa OpenID Connect.

"Basi tutumie namba ya simu"

Namba isiyotumika hurudi sokoni na kuuzwa na laini mpya. Aliyewahi kupigiwa na wadai wa mtu asiyemjua ananielewa. Msimbo wa SMS unakwambia laini iko mkononi mwa nani leo. Unafaa kuthibitisha mzigo umpokee nani. Haufai kufungua historia ya miaka mitatu.

"SSO ni kile kitufe cha Google"

Kitufe ni kuazima utambulisho wa Google. Kuingia mara moja, ndiyo SSO yenyewe (single sign-on), ni pale unapokuwa na duka, app ya pointi na tovuti ya wanachama, mteja akiingia mahali pamoja anatambulika kote. Hapo unahitaji mahali pamoja panaposhika utambulisho, mfano Keycloak, ambayo ni programu huria unayoiweka kwenye seva yako, na hayo mengine yote yaende kuuliza huko. Mwenye duka moja hana haja na SSO. Nawaambia hivyo hata nikikosa kazi.

"Akitoka dukani, ametoka kote"

Ametoka dukani tu. Kwenye kompyuta ya ofisi au ya mgahawa wa intaneti, anayefuata akibonyeza kitufe cha Google anaingia moja kwa moja kama yule aliyeondoka. Ongeza prompt=select_account kwenye ombi lako ili Google waulize kwanza ni akaunti ipi. Haimalizi tatizo, kwa sababu aliyeondoka bado yumo Google, lakini angalau hakuna anayeingia kwa bahati mbaya.

"Tokeni ikifika, mtu kathibitishwa"

Tokeni inathibitishwa na seva yako: saini, muda, iss, na hasa aud, inayoonyesha tokeni ilitolewa kwa duka gani. Ukiacha aud, tokeni halali ya mteja iliyotolewa kwa app ya mtu mwingine itafungua duka lako.

"Kitufe kikifanya kazi Chrome, kinafanya kazi kote"

Wateja wako wanatoka wapi? Instagram. Wanabonyeza linki, duka linafunguka humo humo ndani ya Instagram, wanabonyeza kitufe cha Google na kukutana na kosa la 403, disallowed_useragent. Google wamezuia kuingia kupitia vivinjari vya ndani ya app, na wana haki, kwa sababu app yenye kivinjari hicho inaweza kuona unachoandika. Jaribu duka lako kutoka kwenye linki ya wasifu wako, si kutoka kwenye laptopu ya fundi.

Ndiyo maana kila ninayemjengea namwekea sharti moja, na asiyelitaka namwelekeza kwa mwingine: mtu akifika kwenye malipo, alipe kama mgeni. Jina, namba, anwani, ombi la M-Pesa litokee kwenye simu yake, aweke namba ya siri, kwisha. Ukishapokea hela ndipo umuulize kama anataka akaunti. Tarehe 14 Desemba 2020 mfumo wa Google wa kutambulisha watumiaji ulianguka kwa takriban dakika 45, na tarehe 4 Oktoba mwaka uliofuata Facebook ilipotea karibu saa sita. Duka lililoweka kitufe mbele ya malipo, siku hizo, lilifungwa na watu wasiolijua.

Yote haya nilimwandikia yule mama wa vyombo, kwa WhatsApp, kwa urefu unaokaribia huu. Alisoma usiku huo huo. Asubuhi akajibu: "Nimekuelewa fundi, fanya hivyo." Dakika mbili baadaye ukaja ujumbe mwingine: "Ila kitufe cha Google kiwe cha kijani, kifanane na nembo yetu." Nikamjibu rangi Google wameshazichagua, na kijani haimo.