Albamu si wimbo, wala si tamasha

Albamu ni nyimbo kadhaa zilizotolewa pamoja kama kazi moja, chini ya jina moja, kwa mpangilio aliouchagua mwenye kazi. Basi. Anayeweza kusoma gazeti hahitaji maana ndefu kuliko hiyo. Kinachonifanya niandike ni jinsi neno hili linavyotumika hapa Kampala. Wimbo mmoja uliopakiwa jana usiku unaitwa albamu. Nyimbo mia mbili ambazo kijana wa kibanda cha sinema za kutafsiriwa amekujazia kwenye flashi, naye anakwambia ni albamu. Mchanganyiko wa didijei usio na mwanzo wala mwisho, albamu pia.

Nimevumilia mengi, lakini uvumilivu uliniisha niliposikia kipindi cha redio, cha Kiswahili kabisa, kilichokuwa kikisimulia maisha ya Kylie Minogue, yule mwigizaji wa Australia aliyegeuka mwimbaji. Mtangazaji alikuwa na sauti nzuri na alikuwa amejiandaa. Ila kila alipotaja wimbo alisema "albamu". Albamu yake ya kwanza Locomotion, ya pili I Should Be So Lucky, na kuendelea. Kufika mwaka 1990 dada wa watu alikuwa keshapewa albamu kama kumi, wakati kwa kweli alikuwa na tatu.

Neno lenyewe limetoka mbali. Kwa Kilatini, albus ni -eupe, na album ulikuwa ubao uliopakwa chokaa ambao maofisa wa Roma waliuweka hadharani na kuandika juu yake matangazo ya serikali. Karne nyingi baadaye, wanafunzi wa vyuo vya Ulaya walikuwa wakitembea na vitabu vyenye kurasa tupu, wakiwaomba walimu na marafiki waandike humo jina, beti au neno la kuagana. Vitabu hivyo navyo vikaitwa album. Kamera ilipokuja, kurasa zile zile zikabandikwa picha, na hiyo ndiyo albamu ambayo kila nyumba ya Mganda wa makamo inayo sebuleni, yenye picha za kwanjula, yaani sherehe ya kutambulishana kabla ya ndoa, na za mahafali, mgeni akija anapewa aipekue huku chai ikichemka.

Muziki uliingia humo kwa sababu ya udogo wa santuri. Santuri za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu kila upande, nne au zaidi kidogo kwa zile kubwa. Wimbo wa dansi ulitosha. Muziki wa okestra wa nusu saa haukutosha, ikabidi ukatwe vipande na kugawanywa katika santuri kadhaa. Mwaka 1909 kampuni ya Odeon ilitoa muziki wa Tchaikovsky katika santuri nne zilizofungwa pamoja. Baadaye wauzaji wakazoea kutengeneza kitabu chenye jalada gumu na mifuko ya karatasi ndani, kila mfuko santuri moja. Ukikishika ni kama albamu ya picha, kwa hiyo watu wakakiita albamu, tena bila kuitisha mkutano.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka lishikwe. Mwezi Juni 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilileta santuri ya mizunguko 33 na theluthi moja, yenye uwezo wa kubeba dakika zipatazo ishirini na mbili kila upande. Kitabu kizima kikaenea kwenye sahani moja. Kurasa zikaondoka, mifuko ikaondoka, jina likabaki. Mwaka uliofuata RCA Victor wakaleta santuri ndogo ya mizunguko 45, yenye tundu kubwa katikati na wimbo mmoja kila upande. Hiyo ndiyo iliyozaa tunachokiita singo. Miaka ya hamsini ikaja pia ile ya katikati, EP, ndefu kuliko singo na fupi kuliko albamu. Kwa hiyo tangu mwanzo singo na albamu vilikuwa vitu viwili ambavyo hata kipofu angevitofautisha kwa kuvipapasa. Hakuna aliyeingia dukani akaomba kimoja akapewa kingine.

Sasa, kwa nini sisi tunavichanganya? Dhana yangu ni kwamba sisi hatukuanza na albamu. Wazee wetu walinunua santuri za 45. Wanamuziki wengi wa Uganda wa miaka ya hamsini na sitini walipanda gari moshi kwenda kurekodi Nairobi, na kilichorudi madukani kilikuwa sahani ndogo yenye nyimbo mbili. Mzee akisema ana "sahani ya Fred Masagazi", amesema sawasawa, wala hakuhitaji neno albamu. Neno hilo lilizoeleka kwetu pamoja na kaseti. Philips walikuwa wameibuni mwaka 1963, lakini huku ilikuja kutawala baadaye, ikakaa muda mrefu mpaka CD na simu zilipoiondoa. Kaseti ilikuwa na pande mbili, ikibeba nyimbo tano, sita, nane, na ilipewa jina la ule wimbo mmoja uliokuwa ukivuma redioni. Ukienda kwa wauzaji wa katikati ya mji ukataja wimbo, unapewa kaseti. Ukitaja kaseti, ni wimbo ule ule. Jina moja lilibeba vitu viwili, na hakuna aliyeumia, kwa kuwa pesa zako zilinunua vyote kwa pamoja.

Kisha kaseti ikafa, tukabaki na jina bila kitu cha kushika mkononi. Leo wimbo unatoka peke yake, na aliyezoea kusema albamu anaendelea kusema albamu. Simlaumu sana. Namlaumu mtangazaji, kwa sababu yeye kazi yake ni maneno.

Turudi kwa Kylie, maana kazi zake zinaonyesha tofauti hii vizuri kuliko za wengi. Aliingia katika tamthilia ya Neighbours mwaka 1986, akiigiza kama Charlene, msichana fundi wa magari. (Huku kwetu mwigizaji kuwa mwimbaji si habari. Mariam Ndagire tunamjua jukwaani na tunamjua kwa nyimbo, na vikundi kama Eagles Production viliweka muziki na maigizo katika onyesho moja, hujui utalia wapi na utacheza wapi. Australia walishangaa zaidi.) Mwaka 1987 alitoa Locomotion, wimbo wa zamani ambao Little Eva aliuimba mwaka 1962, ukakaa nambari moja nchini kwake kwa majuma saba. Hiyo ni singo. Akaenda London kwa watayarishaji Stock, Aitken na Waterman, ambao kwa simulizi yao wenyewe walikuwa wamesahau kwamba anakuja, wakamwandikia I Should Be So Lucky kwa haraka huku yeye akisubiri. Wimbo huo ulitoka mwisho wa mwaka 1987 na mapema 1988 ukashika nambari moja Uingereza kwa majuma matano. Hiyo nayo ni singo. Albamu yake ya kwanza, iliyoitwa Kylie tu, yenye nyimbo kumi, ilitoka Julai 1988.

Hesabu basi. Karibu mwaka mzima mwanamke huyu alikuwa maarufu katika mabara mawili bila kuwa na albamu hata moja. Ukisema "albamu yake ya kwanza ni Locomotion" umefuta mwaka huo. Na ukichunguza zaidi, wimbo huo kama ulivyo ndani ya albamu si rekodi ile ya Australia. Ulirekodiwa upya London. Wimbo mmoja, rekodi mbili, singo mbili, albamu moja. Mtu aliyeviita vyote albamu atasimuliaje hapo?

Kuna pia nyimbo zake ambazo hazikai mahali unapozitafuta. Especially for You, aliouimba na Jason Donovan mwisho wa 1988, haumo katika albamu ile ya kwanza ya Kylie. Umo katika albamu ya kwanza ya Donovan, iliyotoka mwaka uliofuata. Where the Wild Roses Grow wa 1995, aliouimba na Nick Cave, utaukuta katika albamu ya Cave na bendi yake. Wimbo unaweza kuwa wako kwa sauti ukawa wa mwenzako kwa albamu, kwa sababu albamu ina mwenyewe aliyeamua nini kiingie.

Kinachoniudhi kwa namna ya pekee, nakiri ni udhia wa mtu mwenye muda, ni kuhesabu mikusanyiko kama albamu mpya. Mwaka 1992 kampuni yake ya kwanza ilitoa Greatest Hits. Ni nyimbo zilizokwisha kutoka, zimepangwa upya na kuongezwa mpya chache kama kivutio. Hiyo ni albamu kwa maana ya kitabu kile cha mifuko, sikatai. Lakini anayesema "albamu yake ya tano" akiikusudia hiyo amekosea, kwa sababu wanaohesabu kazi za msanii huhesabu albamu za studio, yaani zile zilizorekodiwa ili ziwe albamu. Ya tano ni ile ya 1994, inayoitwa Kylie Minogue. Tena usiichanganye na ile ya kwanza iliyoitwa Kylie, wala na ya sita, Impossible Princess, ambayo Uingereza iliuzwa mwaka 1998 nayo kwa jina la Kylie Minogue, kwa kuwa binti mfalme Diana alikuwa amefariki Agosti 1997 na jina la awali lilionekana halifai. Albamu tatu, jina karibu lile lile. Hapo mimi namwonea huruma hata mtangazaji wetu.

Kesi ngumu ni ya mwaka 2012. Aliingia studio za Abbey Road na okestra akarekodi upya nyimbo zake za zamani. Studio ipo, rekodi ni mpya, ila nyimbo ni zile zile. Ikahesabiwa kuwa mkusanyiko. Mimi ningeweza kubishana hapo, lakini ukifuata hesabu hiyo inayotumika, Tension ya 2023 ni ya kumi na sita na Tension II ya 2024 ni ya kumi na saba. Kumi na saba kwa miaka thelathini na sita. Singo ni nyingi mno kuliko hapo, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Zipo sheria za hesabu pia, kwa wanaopenda sheria. Waandaaji wa tuzo za Grammy wanataka albamu iwe na nyimbo tano tofauti zinazofika dakika kumi na tano kwa jumla, au iwe na dakika thelathini bila kujali idadi ya nyimbo. Maduka ya muziki ya mtandaoni kwa kawaida huita nyimbo moja hadi tatu fupi singo, nne hadi sita zisizofika nusu saa EP, na kuanzia saba albamu. Kipengele hicho cha dakika thelathini kinanifurahisha kwa sababu ya kadongo kamu, muziki wetu wa Kiganda wa gitaa na masimulizi. Marehemu Paul Kafeero na wenzake waliimba nyimbo zenye hadithi nzima ndani, wimbo mmoja ukapita dakika kumi bila wasiwasi. Nyimbo tatu au nne za namna hiyo ni albamu halali, wakati kijana mwenye vibao sita vya dakika mbili mbili ana EP. Idadi peke yake haisemi kitu.

Limebaki la uzinduzi. Kampala imekuwa na desturi kwamba msanii anayetaka kufanya onyesho kubwa, Lugogo au hotelini, analitangaza kama uzinduzi wa albamu. Enzi za kaseti ilieleweka, kaseti zilikuwepo mlangoni na ulitoka nayo mfukoni. Siku hizi unalipa kiingilio, unacheza mpaka usiku wa manane, unasikia nyimbo ambazo zote ulishakuwa nazo kwenye simu tangu mwaka jana, kesho yake unaitafuta hiyo albamu mtandaoni huioni. Haikuwepo. Kilichozinduliwa ni bango.

Sina ugomvi na onyesho, na mimi huenda. Ninachoomba kwa waandaaji ni kidogo: kama albamu haipo, andikeni "tamasha" au "onyesho", watu watakuja vile vile, maana wanamfuata msanii. Na msanii akitoa wimbo mmoja, ndugu watangazaji, semeni "ametoa wimbo". Ukipenda kuonekana mtaalamu, "singo" ipo, nayo ni fupi kuitamka.