Brauni si stauti

Bia yetu mpya ya brauni imeanza kutoka kwa bomba na kila meza swali ni lile lile: hii si itaniangusha, mbona nyeusi hivi? Kwanza si nyeusi, inua glasi kwenye mwanga uone, ni kahawia yenye wekundu kwa mbali. Pili rangi na kilevi havijuani kabisa. Guinness, ile stauti yenyewe, bia nyeusi ya shayiri iliyokaangwa, ya bomba ya kule Ireland ni asilimia 4.2, sawa na Tusker, ila hapa Kenya tumezoea ile kali ya chupa ya 6.5 ndo manake watu wakiona giza wanaogopa. Yetu ni 4.6.

Rangi inatoka kwa kimea, yaani shayiri iliyochipushwa alafu ikakaushwa. Sehemu kubwa ni kimea cheupe cha Maris Otter, shayiri ya Waingereza ya tangu miaka ya 60, alafu kama asilimia 10 ni kimea cha kristali, yaani shayiri iliyochipuka inapikwa ikiwa bado mbichi mpaka inakuwa sukari ndani ya ganda lake, ikikauka inageuka karameli. Mwisho kabisa ni kimea cha chokoleti, asilimia 3 tu. Hakina kakao, msiniulize tena, ni shayiri imekaangwa kama buni ikakaribia kuungua, na hiyo kidogo inatosha kupaka rangi tanki zima. Ukizidisha inaanza kukwaruza koo, hapo tayari umepika stauti.

Waingereza wenyewe hawaelewani brauni inafaa kuwa vipi. London ndo walianzisha Mann's 1902, tamu, siku hizi kilevi chake hakifiki hata 3, na huko kaskazini Newcastle wakatoa yao 1927, kavu zaidi, sasa iko 4.7. Tumefuata ya kaskazini (ile ya London kwangu ni soda, mnisamehe). Hopsi (maua ya kutia bia uchungu) ni aina ya Fuggle, kazi yake ni uchungu wa kusawazisha tu, kwa hivyo ukitafuta harufu ya machungwa kama ya IPA, ile bia ya hopsi nyingi, utakosa. Hamira yake tunaiachia digrii 18 mpaka 20, joto kuliko laga (bia kama Tusker), ndo inaacha kaharufu ka matunda.

Alafu habari ya "baridi ama moto?" Hii haitaki yoyote kati ya hizo. Ikiwa digrii 2 hutasikia karanga wala karameli, utasikia barafu tu. Sisi tunaitoa ikiwa 11 hivi, ikikufikia baridi sana shikilia glasi upige stori kwanza.