Kumbukumbu ya kazi kwa mtoto mwenye disleksia

Kumbukumbu ya kazi ni uwezo wa akili kushika jambo kwa sekunde chache huku ikilifanyia kazi. Ukitajiwa namba ya simu, ukairudia kimoyomoyo mpaka upate kalamu, unatumia uwezo huo. Jaribu kuitaja kinyumenyume uone ulivyo finyu. Wanasaikolojia wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, waliuelezea mwaka 1974 kuwa na sehemu yake maalumu ya kushika sauti za maneno.

Kwa watoto wengi wenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na uvivu wala uchache wa akili, sehemu hiyo ya sauti huelemewa upesi.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto huyu mara nyingi hupatia silabi. Kinachomwangusha ni mwendo. Mpe neno "hatukumwambia". Mwenzake analiona zima. Yeye anaanza: ha… tu… ku… mwa… mbi… a. Akifika mwisho, mwanzo umeshamponyoka, na mwanzo ndio uliobeba ukanushi. Muulize kama anayetajwa aliambiwa au hakuambiwa, atakutazama tu. Maneno yetu ni marefu, na kila kipande kina maana yake.

Hapo ndipo anapoitwa "asiye makini", neno ambalo naona tunalitumia kwa haraka mno. Mtazame anaponakili ubaoni: anainua kichwa, anachukua herufi mbili, anaandika, anainua tena. Mwenzake anainua kichwa mara moja kwa sentensi nzima. Mwalimu akisema, "Toeni daftari la Sayansi, fungueni ukurasa wa 24, fanyeni swali la tatu mpaka la sita," yeye anatoa daftari, kisha anabaki amelishika. Alisikiliza vizuri, ila maagizo yalikuwa mengi kuliko nafasi aliyokuwa nayo. Wapo pia wenye tatizo la umakini lenyewe pamoja na disleksia, na hilo linahitaji kupimwa peke yake.

Mpe agizo moja, la pili umpe akishamaliza. Mchapie maswali kwenye karatasi badala ya kumtaka anakili. Na lile swali la hesabu la mistari minne, la mama aliyenunua maembe sokoni, msomee kwa sauti. Mara nyingi atakuwa ameanza kukokotoa kabla hujafika mwisho.